Bustani ya Kew na Mimea Yetu: Historia Fupi

Watu wengi huitembelea Bustani ya Kew, magharibi mwa jiji la London, kwa ajili ya uzuri wake. Huingia Palm House, jumba la chuma na vioo lililojengwa kati ya 1844 na 1848, wakaukuta mmea wa jamii ya saikadi ulioletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1775, ungali hai chunguni. Anayeishia hapo ameona nusu tu. Kew ilianza 1759 kama bustani ya mimea ya Augusta, mama yake Mfalme George III; ikakabidhiwa taifa 1840, na mwaka uliofuata William Hooker akawa mkurugenzi wake. Tangu karne hiyo kazi yake kubwa imekuwa ndani ya hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, yenye sampuli zaidi ya milioni saba. Thamani ya Kew imo humo, na Afrika Mashariki ina kila sababu ya kuijali.

Sampuli yenyewe haina mvuto wa macho: kitawi kilichokaushwa, kikabandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni maelezo ya mahali kilipochumwa, tarehe na jina la mchumaji. Lakini bila karatasi hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba mmea wa Usambara ndio ule ule wa Taita, au kwamba umetoweka ulikokuwa ukiota zamani. Kutokana na karatasi za namna hiyo, pamoja na za hebaria iliyoanzia Amani na kuhamia Nairobi mwaka 1950, uliandikwa mfululizo wa vitabu wa Flora of Tropical East Africa, kuhusu mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda. Sehemu ya kwanza ilitoka 1952 na kazi ikakamilika 2012, ikiwa imeeleza aina zaidi ya 12,000.

Wapo watakaosema kwamba Kew ilikuwa mkono wa ukoloni, na hawakosei. Mbegu za mpira alizozitoa Henry Wickham nchini Brazil mwaka 1876 zilioteshwa hapo, miche ikapelekwa Ceylon na Singapore, na faida ikawaendea watawala. Historia hiyo haifutiki. Hata hivyo, kuipuuza hebaria kwa sababu hiyo ni kujinyima ushahidi unaohusu ardhi yetu wenyewe, hasa pale ambapo msitu uliotoa sampuli umekwisha kufyekwa. Wengine watasema picha za kidijitali zinatosha. Picha humfikia mtafiti wa Morogoro bila nauli, na hilo ni jema. Ila vinasaba havitolewi kwenye picha.

Kwa hiyo Kew ipimwe kwa kiasi cha elimu inachokirudisha kule ilikotoka mimea yake. Nasi tusingoje kurudishiwa tu: hebaria za Nairobi, Dar es Salaam na Makerere zinahitaji fedha, wataalamu na vijana wa kuwarithi.