Fahamu Namna Familia Inavyoweza Kutumia Diski Moja ya Nje kwa Usalama

Picha za harusi, video za mahafali na sauti za wazee ni miongoni mwa kumbukumbu ambazo familia nyingi huzihifadhi katika diski ya nje, yaani kifaa cha kuhifadhia data kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kupitia mtandao wa nyumbani, kumbukumbu hizo zinaweza kutazamwa na wanafamilia wote kwa wakati mmoja, kila mmoja akitumia simu, kompyuta au televisheni yake.

Zipo njia kuu mbili za kufanikisha jambo hilo. Ya kwanza ni kuchomeka diski kwenye ruta yenye tundu la USB na kuwasha huduma ya kushirikiana faili katika mipangilio yake. Ya pili ni kuichomeka kwenye kompyuta na kuruhusu folda husika kuonekana na vifaa vingine. Kwa njia hii, kompyuta hulazimika kuwa imewashwa muda wote wa matumizi. Katika njia zote mbili, data husafiri ndani ya nyumba pekee, hivyo kutazama video hakupunguzi kifurushi cha intaneti.

Mfumo wa DLNA huwezesha televisheni kucheza video na muziki moja kwa moja, ilhali itifaki ya SMB huwezesha kompyuta na simu kufungua, kunakili na hata kufuta faili.

Kabla ya kuanza, ni muhimu kukagua mpangilio wa diski. Mpangilio wa FAT32 haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hivyo video ndefu huweza kukataliwa. Mipangilio ya exFAT na NTFS haina kikwazo hicho, ingawa baadhi ya ruta haziisomi. Kubadilisha mpangilio hufuta kila kilichomo. Kwa sababu hiyo, faili zote hunakiliwa kwanza mahali pengine.

Suala la usalama linahitaji uangalifu zaidi. Kwa kawaida DLNA haidai nenosiri, hivyo mgeni aliyepewa nenosiri la Wi-Fi anaweza kuona picha za familia. Ruta nyingi zina mtandao wa wageni uliotengwa kwa ajili hiyo. Aidha, mwezi Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kwa kutumia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB, ikafunga faili za watumiaji na kudai fidia. Inashauriwa kuzima toleo hilo, kutumia la pili au la tatu, kuweka nenosiri imara, na kutofungua diski kwa watu walio nje ya nyumba kupitia intaneti. Watoto na watazamaji wengine wapewe ruhusa ya kusoma tu, ili faili zisifutwe kwa bahati mbaya.

Ikumbukwe kuwa kushirikiana faili si kuzihifadhi. Diski inayotazamwa na watu kumi bado ni diski moja, na umeme ukikatika inapoandikwa, au ikianguka, yaliyomo yanaweza kupotea. Nakala ya pili, iliyo katika diski nyingine isiyounganishwa na mtandao, ndiyo kinga ya kumbukumbu zisizoweza kurekodiwa tena.