Ugali wa Yanga

Jumamosi moja mjukuu wangu alitutangazia hapa nyumbani Kimara kwamba chakula cha jioni angekipika yeye, nacho kinaitwa enchilada. Bibi yake akauliza kama hicho ni chakula au ni dawa. Mimi, kwa mazoea ya ualimu, nilivuta kigoda nikakaa karibu na jiko nijifunze.

Alikanda unga wa mahindi kwa maji ya moto, akachanganya na wa ngano kidogo ili usikatikekatike, akachoma chapati nyembamba. Akakaanga nyama ya ng'ombe ya kusaga kwa vitunguu. Pembeni alichemsha mchuzi mzito wa nyanya na pilipili. Kila chapati aliichovya katika mchuzi, akaitia nyama, akaikunja na kuilaza katika sufuria pana. Mchuzi uliobaki akaumwagia juu pamoja na jibini aliyoikuna. Kwa kuwa hatuna oveni, alifunika sufuria na kupalia makaa juu ya mfuniko, kama bibi yake anavyooka mkate wa kumimina.

"Babu, hiki ni chakula cha Meksiko," alisema.

"Hata ugali asili yake ni huko," nilimjibu.

Alicheka, lakini sikuwa natania. Mahindi yalianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita. Nyanya na pilipili nazo asili yake ni bara la Amerika. Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492, na Vasco da Gama akafika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Katika karne zilizofuata, mazao hayo ya Amerika yalienea pwani yetu na kuingia bara. Jina "mahindi" lenyewe linatuelekeza Uhindini, ingawa zao halikuanzia huko. Kabla yake mababu zetu walisonga ugali wa mtama, uwele na ulezi. Methali zetu bado zinakumbuka: tunaonywa tusimwage mtama penye kuku wengi, si mahindi.

Laiti ningaliyajua hayo mwaka 1974! Mwaka ule ukame ulitubana wakati watu wengi ndio kwanza wanahamia vijiji vya ujamaa. Chakula kikapungua, serikali ikalazimika kununua nafaka ng'ambo. Yakaja mahindi ya njano kutoka Marekani, na watu, ambao hawaishiwi utani hata kwenye njaa, wakauita unga wake Yanga, kwa rangi ya klabu ile ya Jangwani.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni karibuni, na kichwa changu kimejaa. Nilikwenda nyumbani likizo. Mama alikuwa ameamkia foleni tangu alfajiri ili apate kilo mbili za unga. Aliponiwekea ugali ule wa njano na mboga, niliisukuma sahani nikasema kwamba hicho ni chakula cha kuku, hatuwezi kulishwa vitu vya wageni. Mama hakujibu. Aliivuta sahani, akala yeye.

Kumbe kule mahindi yalikoanzia, watu hula ya njano, meupe, mekundu na hata ya buluu. Sembe nyeupe niliyoiona ndiyo yetu ya asili ilikuwa mgeni vilevile. Tofauti ni kwamba ilitangulia kufika. Nimefundisha miaka mingi juu ya heshima ya chakula na jasho la mkulima. Juu ya sahani ile sikuwahi kusema neno, wala kumwomba mama radhi mpaka alipofariki.

Jioni ile makaa yalipoondolewa, jibini ilikuwa imeyeyuka vizuri. Chapati mbili zilipasuka, na pilipili ilizidi. Bibi alionja kwa mashaka, kisha akaongeza. Mjukuu wangu alinitazama akingoja hukumu ya mwalimu.

Nilikula yote, nikafuta sahani kwa kipande cha mwisho. Kisha nikawasimulia habari za sahani ya mama.