Makohozi Si Mate: Historia ya Kipimo cha TB

Leo tunazungumza juu ya kile kikopo kidogo unachopewa kituoni na kuambiwa, "Leta makohozi." Wengi hukionea haya. Lakini kina historia yake, na ukiijua utaelewa kwa nini unaagizwa hivi na si vile.

Zamani watu wengi waliamini kuwa kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi katika ukoo. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Mjerumani Robert Koch aliwaonyesha wenzake viini vinavyouleta. Alieleza kuwa katika kila vifo 7, kimoja kilitokana na TB. Viini hivyo alivikuta hata ndani ya makohozi. Ikajulikana basi kwamba TB huambukizwa. Si laana.

Muda si mrefu, Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaboresha njia ya kuvitia viini hivyo rangi nyekundu ambayo hata asidi haiitoi. Njia hiyo ilitumika katika maabara zetu miaka mingi: makohozi hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, kisha hutazamwa kwa darubini. Lakini darubini huhitaji viini karibu 10,000 katika mililita 1. Vikiwa vichache, havionekani. Ndiyo maana mgonjwa aliombwa makohozi mara 3, hadi mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipokubali mara 2 pale penye maabara nzuri.

Mwaka 2010 shirika hilo likapendekeza mashine ya GeneXpert. Hiyo hugundua viini vichache zaidi, hutoa jibu kwa muda wa saa 2 hivi, na huonyesha kama viini vimeizoea dawa ya rifampisini.

Hata hivyo, mama, hakuna mashine inayoweza kuona kisichomo kikoponi. Ukipeleka mate, jibu laweza kuwa "hakuna TB," na mgonjwa aendelee kukohoa karibu na watoto. Kwa hivyo:

Sukutua mdomo kwa maji kabla ya kutoa makohozi. Makohozi ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo mazuri zaidi. Simama nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara 2 au 3, kisha kohoa kutoka chini ya kifua. Tema ndani ya kikopo, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Funika vizuri. Jina liandikwe kwenye kikopo, si kwenye kifuniko. Kiepushe na jua, ukifikishe kituoni siku hiyo hiyo.

Je, mtoto mdogo? Yeye humeza makohozi yake. Siku hizi hata choo chake chaweza kupimwa kwa mashine hiyo. Muulize mhudumu wa afya.

Na kama jibu ni "hakuna" lakini kikohozi hakiishi, rudi kituoni. Dawa za TB katika vituo vya serikali hazilipiwi.