Vifaa vya Kukinga Kinywa katika Historia ya Tiba ya Mionzi

Baada ya Marie na Pierre Curie kutangaza ugunduzi wa rediamu mwaka 1898, mafundi wa meno ya bandia walijikuta na kazi mpya, nayo ilikuwa kutengeneza vibebeo vilivyofinyangwa kwa umbo la kinywa cha mgonjwa ili madini hayo yakae karibu kabisa na uvimbe wa ulimi au wa kaakaa. Kwa hiyo ufundi ambao leo huwekea mionzi mipaka ulianza kwa kuisogeza karibu.

Madhara yalijulikana mapema. Mjini Paris, Claudius Regaud alieleza mwaka 1922 kufa kwa mfupa wa taya uliopigwa na mionzi, na mwenzake Henri Coutard, aliyegawa dozi katika vipindi vidogo vya wiki kadhaa, alifuatilia kwa makini jinsi utando laini wa kinywa na koo unavyochubuka na kupona. Kwa mgonjwa, mambo hayo yana maana ya vidonda vinavyomzuia kumeza, mate yanayokauka tezi zake zikiungua, na meno yanayooza kwa kasi.

Kinga iliyodhaniwa kuwa ya wazi ni risasi, ambayo kweli huzuia mionzi yenye nguvu ndogo. Hata hivyo, mashine za kobalti, zilizoanza kutibu wagonjwa nchini Kanada mwaka 1951, zilitoa mionzi inayopenya sana, kiasi kwamba risasi yenye unene wa takriban milimita 12 huipunguza kwa nusu tu, na unene wa kutosha hauwezi kuenea kinywani. Tena metali ikipigwa na mionzi hurusha elektroni nyuma, ambazo huunguza utando unaoigusa; ndiyo maana ngao za aloi ya bismuthi, risasi, bati na kadimi, ambayo huyeyuka kwa nyuzijoto 70 hivi, hufunikwa kwa akriliki au nta, na hufaa zaidi kwa miale ya elektroni.

Njia iliyobaki ilikuwa umbali, yaani kuziweka sehemu zenye afya mbali na mionzi, na hapa ndipo penye uzito wa historia hii. Kifaa cha akriliki, yaani plastiki ngumu ya meno ya bandia, hutengenezwa kwa kuchukua nakala ya meno ya mgonjwa. Hutenganisha taya, hukandamiza ulimi chini pale kaakaa linapotibiwa, au huweka kaakaa mbali na ulimi pale ulimi unapotibiwa, na hurudisha kinywa katika mkao uleule kila siku ya matibabu. Kompyuta zinazochonga mionzi kufuata umbo la uvimbe hazikuondoa haja hiyo, kwa kuwa hesabu zake huharibika ulimi ukihama, na siku hizi printa za pande tatu hutengeneza vifaa hivyo bila kumsumbua mgonjwa kwa kumfinyanga nakala ya meno kinywani. Hospitali inayotibu saratani ya kinywa bila daktari wa meno wala fundi wake katika jopo la tiba humwachia mgonjwa maumivu ambayo sehemu yake ingeepukika.