Sungura wa Manyoya Marefu: Asili Yake na Deni Letu Kwake

Tangu utoto tumesikia hadithi za Sungura, jinsi alivyomshinda Fisi kwa akili na kumdanganya Simba. Kwa sababu ya hadithi hizo wengi hudhani ya kuwa sungura tunayemfuga kizimbani ni yule yule wa hadithi, aliyekamatwa porini zamani akazoezwa kukaa na watu. Sivyo. Sungura wa porini katika nchi yetu ni mnyama mwingine. Yeye huzaa juu ya ardhi, katikati ya majani, na watoto wake huzaliwa wenye manyoya na macho wazi. Sungura wa kufugwa asili yake ni mchimba mashimo. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu, wala hufumbua macho siku ya kumi hivi.

Jambo hili laonekana dogo, lakini asiyelijua atawapoteza watoto wa kwanza wa sungura wake. Twasema hivi kwa aibu, maana ndivyo ilivyotupata sisi wenyewe tulipoanza kufuga sungura wa kawaida hapa Songea pamoja na wanafunzi wetu. Hatukumwekea jike sanduku la kuzalia. Akazaa usiku juu ya mbao tupu, mwezi wa Juni, wakati wa baridi yetu kali. Asubuhi watoto wote sita walikuwa wamekufa. Mwanafunzi mmoja akatuuliza, “Mwalimu, je, hakuwapenda?” La, aliwapenda, maana alikuwa amejinyonyoa manyoya ya tumbo lake ili awafunike, ila upepo uliyapeperusha. Kosa lilikuwa letu. Tangu siku ile tulianza kutafuta habari za mnyama huyu, na hasa za ndugu yake mwenye manyoya marefu, aitwaye sungura wa Angora, ambaye wengi hutamani kumfuga.

Sungura wote wa kufugwa duniani wametoka katika nchi za Hispania na Ureno na upande wa kusini wa Ufaransa. Warumi wa zamani walikuwa wakiwaweka katika viwanja vyenye kuta, ili wapate nyama karibu. Juu ya habari hii yapo masimulizi ambayo sisi nasi tuliwahi kuyafundisha darasani. Husemwa ya kuwa karibu na mwaka 600 Papa Gregori Mkuu aliwaruhusu watawa kula watoto wachanga wa sungura siku za Kwaresima, kana kwamba ni samaki, na kwa hiyo watawa wa Ufaransa wakawa wa kwanza kumfuga sungura nyumbani. Lakini mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao walichunguza maandiko, wakaona ya kuwa Papa hakutoa amri kama hiyo. Watu walimchanganya na Gregori mwingine, Askofu wa Tours, aliyeandika habari za mtu mmoja aliyekula watoto wa sungura wakati wa Kwaresima. Basi tumekwisha kusahihisha daftari zetu. Mwalimu akosaye na kukiri kosa lake hapungukiwi na heshima. Apungukiwaye ni yule ajuaye kosa lake akalifundisha tena mwaka ujao. Ukweli ni kwamba sungura hakufugwa kwa siku moja wala kwa amri ya mtu mmoja, bali alizoea polepole, kizazi baada ya kizazi.

Na sungura wa Angora je? Jina lake ni jina la kale la mji wa Ankara katika nchi ya Uturuki, ambao serikali ya huko ilitangaza mwaka 1930 uitwe Ankara kwa watu wote. Mji huo ulisifiwa sana kwa mbuzi wenye manyoya marefu yang'aayo. Kuwa mbuzi wale walitoka huko ni jambo la hakika. Lakini sungura huenda alipewa jina hilo kwa kufananishwa tu, kwa ajili ya urefu wa manyoya yake. Lililo wazi ni kwamba katika karne ya 18 alikwisha kujulikana Ufaransa, na baadaye alienea nchi nyingine. Siku hizi manyoya yake mengi hutoka China.

Tofauti yake na sungura wengine ni hii. Manyoya ya sungura wa kawaida hukua kwa majuma matano hivi, kisha husimama. Ya Angora huendelea kukua kwa majuma zaidi ya kumi, yakawa marefu, mepesi na laini kupita sufu ya kondoo, nayo huhifadhi joto sana. Porini mnyama wa namna hii asingeishi, maana angenaswa na miiba, na mvua ingemlemea. Watu ndio waliomchagua na kumzalisha hata akawa hivyo. Kwa hiyo hawezi kuishi pasipo mkono wa mtu, na mtu aliyemfanya hivyo ana deni kwake.

Hapa yatupasa kueleza habari ya huzuni. Wengi wetu twaijua Abasia ya Peramiho, iliyo magharibi ya mji wa Songea. Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1898 na Wabenediktini waliotumwa kutoka monasteri ya St. Ottilien, karibu na mji wa München huko Ujerumani. Mwaka 1941 watawala wa Kinazi waliinyang'anya monasteri ile na kuwafukuza watawa. Si mbali na hapo palikuwa na kambi ya mateso ya Dachau, iliyofunguliwa mwaka 1933, ambamo mapadre na wachungaji zaidi ya 2,500 walifungwa pamoja na maelfu ya watu wengine. Basi katika Dachau na katika kambi nyingine nyingi wakuu wa kambi waliwafuga sungura wa Angora, ili wapate manyoya ya kutengenezea nguo za joto za marubani na askari. Sungura walikaa katika vizimba safi, wakalishwa vizuri na kuchanwa manyoya kwa uangalifu. Na hatua chache kutoka hapo watu walikuwa wakifa kwa njaa na mapigo. Vita ilipokwisha mwaka 1945, mwandishi mmoja wa Marekani, Bi. Sigrid Schultz, aliona katika nyumba ya Himmler, mkuu wa kambi hizo, kitabu kizuri cha picha za sungura hao.

Twajifunza nini? Wengine husema ya kuwa amtunzaye mnyama lazima awe mtu mwema. Kitabu kile chakanusha neno hilo. Mikono yaweza kuwa na ustadi mwingi, na moyo ukawa jiwe. Lakini tusisahau mwisho wa habari. Mwaka ule ule wa 1945 St. Ottilien ikawa hospitali ya Wayahudi waliookoka katika kambi, na kabla haijafungwa mwaka 1948, watoto wao zaidi ya 400 walizaliwa pale.

Sasa tuseme na yule atakaye kuanza. Nchi yetu ya Songea yafaa kuliko pwani, maana sungura wa Angora huumizwa na joto kuliko baridi. Mjengee kizimba mahali penye kivuli na hewa, pasipopigwa na mvua ya masika. Sakafu iwe na nafasi ndogo za kupitisha mavi na mkojo, maana unyevu huleta kuhara kunakoua watoto, na pia huharibu manyoya. Miguu ya kizimba isimamishe katika makopo yenye maji na mafuta ya taa kidogo. Siafu wakipanda usiku hawatabakiza mtoto hata mmoja.

Chakula chake cha kwanza kiwe majani makavu, siku zote. Sungura hujilamba, humeza manyoya, wala hawezi kutapika. Manyoya hayo yakijikusanya tumboni atakufa, na majani makavu ndiyo yasaidiayo kuyasukuma. Ongeza matembele, mchunga na pumba kidogo, lakini majani yenye umande yaanike kwanza hata yanyauke. Maji safi yasikosekane.

Usiwapandishe kabla hawajatimiza miezi sita au minane, wala usimpandishe ndugu kwa ndugu. Kata kwanza manyoya ya jike, kisha mpeleke kwa dume. Usimpeleke dume kwa jike, maana jike hulinda kizimba chake na atapigana. Mimba ni siku 31. Siku ya 28 mwekee sanduku lenye majani makavu laini, na hapo umkumbuke yule jike wetu wa mwezi wa Juni. Watoto waachishwe maziwa baada ya majuma sita hata manane.

Mchane kila juma, na kila miezi mitatu mkate manyoya kwa mkasi, polepole, ukiinyosha ngozi kwa vidole. Usimng'oe kwa nguvu. Mwaka 2013 picha za sungura waliong'olewa manyoya huku wakipiga kelele zilionekana duniani kote, na wauzaji wengi wa nguo huko Ulaya wakaacha kununua. Sungura mzuri aliyetunzwa vema huweza kutoa karibu kilo moja kwa mwaka. Anayeanza asikimbilie soko. Na asokote kwanza nyuzi za kumfumia mama yake sweta ya asubuhi za Julai, ajue kazi ilivyo.

Wazee wetu Wangoni walihesabu mali kwa ng'ombe, na wako watakaocheka wakimwona kijana amepakata sungura na kitana mkononi. Wacheke. Lakini kijana naye ajiulize kabla ya kununua: je, wataka sungura wangapi? Jibu letu ni hili: fuga wale tu uwezao kuwachana kila juma, na usiongeze hata mmoja. Sisi leo tuna majike mawili ya manyoya mafupi na dume mmoja, na kila jike ana sanduku lake.