Syncthing: Jinsi ya kuijenga mwenyewe na kuhamisha faili bila kula bando

Unataka picha za simu zifike kwenye kompyuta bila kuzipandisha kwanza kwenye seva ya kampuni fulani? Syncthing inafanya hivyo. Vifaa vyako vinaongea vyenyewe kwa vyenyewe, na vikiwa kwenye Wi-Fi moja, faili hazigusi bando.

Programu hii ilitoka mwaka 2013, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaweza kuipakua ikiwa tayari, na kwa watu wengi hilo linatosha. Ila ukitaka kujua hasa unachoendesha, ijenge mwenyewe.

Hapa tunatumia kompyuta ya Linux. Unahitaji Git na Go, lugha iliyoandikiwa Syncthing. Wengi hukwama kwenye Go: ile unayoipata kwa `apt` mara nyingi ni ya zamani kuliko inayotakiwa, na ujenzi unagoma. Chukua mpya kutoka go.dev, ifungue ndani ya `/usr/local`, kisha ongeza `/usr/local/go/bin` kwenye PATH. Andika `go version` uhakikishe.

Sasa vuta msimbo:

`git clone https://github.com/syncthing/syncthing.git`

Ingia kwa `cd syncthing`. Usikimbilie kujenga. Ulichovuta ni kazi inayoendelea, inaweza kuwa na hitilafu. Andika `git tag` uone matoleo, kisha `git checkout` na jina la toleo lililo imara. Halafu:

`go run build.go`

Itavuta vipande vingine mtandaoni, kwa hiyo hapa bando litaliwa kidogo. Ikimaliza bila kulalamika, programu iko kwenye folda ya `bin`. Iwashe kwa `./bin/syncthing`, kisha fungua 127.0.0.1:8384 kwenye kivinjari.

Upande wa simu, programu rasmi ya Android ilisitishwa Desemba 2024. Njia rahisi ni Termux: `pkg install syncthing`. Kila kifaa kina utambulisho wake mrefu. Weka wa simu kwenye kompyuta, na pande zote mbili zikubali. Asiyekubaliwa haingii.

Mkiwa mbali na njia ya moja kwa moja ikashindikana, data hupitia seva za watu wanaojitolea. Imefungwa kwa usimbaji, hawawezi kuisoma. Ila hapo bando linatumika.

Jambo moja lisikupite: hii si hifadhi ya akiba. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, inafutika na kwenye kompyuta. Mimi nilijifunza hilo kwa picha za harusi ya dada yangu. Kabla ya kushirikisha folda yoyote, fungua mipangilio yake kwenye kompyuta uwashe utunzaji wa matoleo ya zamani ya faili. Kwa kawaida huwa umezimwa.