Umuhaha: Historia ya Sikio Chini ya Kivuli cha Pafu

Batsinda, hapa Kigali, ni mtaa mchanga. Nyumba zake nyingi za mwanzo zilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya maskini, takriban 2007 na 2008. Watoto waliozaliwa huko muda mfupi baadaye walipata chanjo ambayo kaka na dada zao hawakuipata. Aprili 2009 Rwanda ilikuwa ya kwanza, kati ya nchi zinazosaidiwa na Gavi, kuchanja watoto dhidi ya nyumokoka.

Chanjo hiyo ililetwa kwa ajili ya nimonia. Sikio lilipata fungu lake kama mgeni asiyealikwa, na ndiyo maana wanahistoria hulisahau. Lakini bakteria ni yuleyule: hupanda kutoka puani hadi sikio la kati, akaleta kile kinachoitwa umuhaha kwa Kinyarwanda.

Mrija unaounganisha pua na sikio la mtoto ni mfupi na umelala, hivyo njia ni rahisi. Mwili hutuma seli nyeupe kupigana. Usaha ni mabaki ya vita hivyo, nao ukizidi hupasua kiwambo cha sikio. Kinga yenyewe, basi, hushiriki katika uharibifu. Mtoto anayeugua mara kwa mara husikia kwa shida, na darasani huitwa mkaidi.

Kwa nini chanjo ilichelewa? Kuanzia 1911 Almroth Wright aliwachanja wachimba dhahabu wa Witwatersrand, watu wazima wenye thamani kwa makampuni. Watoto walikuwa fumbo jingine. Nyumokoka huvaa koti la sukari ambalo kinga ya mtoto wa chini ya miaka miwili hailitambui vizuri, na kingamwili alizopewa na mama hupungua baada ya miezi michache. Mwaka 1929 Avery na Goebel, huko New York, waliunganisha sukari na protini, na kinga ikaitambua. Chanjo ya watoto yenye msingi huo iliidhinishwa Marekani mwaka 2000. Miaka 71!

Matokeo ya utafiti wa Ufini, yaliyochapishwa 2001, yanaonekana kugombana: maambukizi ya sikio yatokanayo na aina za nyumokoka zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 57, ila maambukizi yote ya sikio kwa asilimia 6 tu. Aina nyingine za nyumokoka zilichukua nafasi iliyoachwa. Tena kuna Haemophilus asiye na koti kabisa, ambaye chanjo hii haimgusi. Rwanda ilihamia chanjo ya aina 13 mwaka 2011, badala ya 7. Haemophilus huyo bado anapita mrija uleule.